Paka Aliyetoka Timau

Baba yangu alikuwa dereva wa trekta katika shamba la ngano kule Timau. Alikuja nyumbani kila baada ya miezi miwili hivi, akashukia Nyeri mjini na kupanda kilima kwa miguu, na mara nyingi alituletea unga katika mfuko wa kitambaa. Mwaka nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, alifika Jumamosi moja mchana akiwa amebeba kikapu kilichoshonwa mdomo kwa kamba ya katani. Ndani yake kitu kilikuwa kikikwaruza.

"Yule mzungu anarudi kwao," alimwambia mama. "Ameuza shamba. Mke wake amegawa kila kitu, viti, masufuria, hata bata. Mimi nimepewa huyu."

Alikata kamba, akatoka paka wa kijivu, mnono, kichwa kikubwa kama cha mtoto wa kondoo. Alitutazama kana kwamba sisi ndio tuliofika kwake.

"Si ungeomba hata kiti?" mama alisema, lakini alikuwa akicheka.

"Kiti hakikamati panya."

Panya walikuwa wametushinda kweli. Paka wetu wa kwanza alikuwa amepotea tangu kiangazi, na ghala la mahindi nyuma ya nyumba lilikuwa limetobolewa kila upande. Mama aliamua kwamba mgeni afungiwe katika nyumba ya jikoni majuma mawili, asije akatoroka kutafuta njia ya kurudi Timau. Kazi ya kumlisha ikawa yangu. Kila nikitoka shule nilimpakata karibu na mafiga, nikamtoa kupe masikioni, nikamfungua mdomo kuangalia meno yake. Ufizi wake ulikuwa mwekundu na pumzi yake ilinuka. Nilidhani paka wa wazungu ndivyo walivyo.

Nikishamlisha, nilipita kwenye mwanya wa ua wa michongoma nikaenda kwa Tata.

Tata kwetu Wakikuyu ni shangazi au mama mdogo. Huyu hakuwa ndugu yetu wa damu, ila nilikua nikimwita hivyo na sikuwahi kufikiria jina lingine. Wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na Waingereza, watu walipoondolewa mashambani mwao na kusongamanishwa katika vijiji vyenye handaki na miiba kuzunguka, yeye na mama walipewa nyumba moja. Waume wao wote wawili walikuwa wamechukuliwa kwenye kambi za kizuizini. Mama alikuwa na mtoto mchanga, kaka yangu ambaye sikumwona. Siku moja mama alipelekwa pamoja na wanawake wengine kuchimba handaki tangu asubuhi, na mtoto alikuwa na surua. Alibaki na Tata, ambaye alikuwa amevunjika mkono na kuachwa kijijini. Mama aliporudi jioni alimkuta Tata ameketi mlangoni, mtoto akiwa ameshaoshwa na kufungwa katika leso. Hakuna mwingine aliyeiona sura ya yule mtoto akifa. Baba alirudi kutoka kambini. Mume wa Tata hakurudi, na hakuna aliyewahi kumwambia ni wapi alikozikwa.

Uhuru ulipokuja na watu wakagawiwa mashamba upya, wanawake hao wawili waliomba viwanja vinavyopakana. Waliupanda ua wa michongoma pamoja, wakauachia mwanya pale katikati, upana wa mtu aliyebeba mtungi. Mama alipika chai ya saa nne huku, Tata akapika ya saa kumi kule. Sijui siku ambayo hawakuonana.

Tata hakuzaa. Alikuwa na paka jike mwenye madoa meusi na ya rangi ya kutu, aliyekuwa akilala miguuni pake na kumfuata mpaka kwenye kisima. Majuma yale paka wetu alipokuwa kifungoni, paka wa Tata alikuwa na watoto watano katika sanduku la mbao chini ya kitanda. Macho yao yalikuwa ndiyo kwanza yamefunguka. Wote walikuwa wameshaombwa. Mmoja alikuwa wetu, aliahidiwa mama kabla baba hajaleta yule wa Timau. Mwingine alikuwa wa mwanamke wa ng'ambo ya mto, aliyekuja mara mbili kuwatazama na kuwapima kwa kiganja. Mimi nilikuwa nimechagua wetu, mwenye mkia mfupi. Nilimweka katika gauni langu la shule na kumlaza pale pale nilipokuwa nimemlaza yule wa kijivu nusu saa kabla.

Juma la pili, mwenye mkia mfupi alipiga chafya mkononi mwangu. Nilicheka. Sikujua paka hupiga chafya.

Kesho yake wote walikuwa wakipiga chafya, na macho yalikuwa yamegandamana kwa usaha. Siku ya tatu wawili walikuwa wamekufa. Tata aliwafuta macho wale waliobaki kwa kitambaa na maji ya chumvi, akawadondoshea maziwa kwa ncha ya kidole. Walishindwa kunyonya. Mama yao alikuwa amelala ubavu, udenda ukimchuruzika mpaka kifuani, na alipojaribu kusimama alichechemea mguu wa mbele kama aliyekanyaga mwiba. Tata alimfungua mdomo nami nikachungulia. Ulimi ulikuwa na vidonda, vyekundu katikati na vyeupe pembeni, kama pale mtu anapomwagikiwa na uji wa moto na ngozi ikababuka.

"Huyu amekula kitu," Tata alisema. "Kitu kimemchoma."

Kisha akanitazama. Hakunitazama vibaya. Alikuwa amechoka, nywele zake zilikuwa zimetoka kwenye kitambaa.

"Mama yako aliweka sumu ya panya kule kwenye ghala?"

Nilikuwa nimefundishwa nyumbani na kanisani kwamba mtoto hasemi uongo. Nikasema, "Aliweka."

Hakuuliza zaidi. Alirudi kumpangusa paka.

Jioni ile kabla ya giza alipita kwenye mwanya wa ua, akamkuta mama akichambua maharagwe uani. Nilikuwa nimeketi karibu na mama.

"Mwenzangu," Tata alisema, "wale wadogo wamekufa watatu. Mama yao naye hali kitu. Nakuuliza tu ili nijue nimpe nini. Uliweka sumu?"

Mama hakuinua macho kutoka kwenye ungo. "Sumu? Niweke sumu na niko na paka ndani ya jiko? Sikuweka."

Tata alinitazama mimi, akamtazama mama, akanitazama tena. Alingoja mpaka mama akainua uso. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Haya," akageuka akarudi kwake.

Mama alijua. Aliniuliza, "Ulimwambia nini?" Nikamwambia. Aliyatikisa maharagwe kwenye ungo muda mrefu, ingawa hakukuwa na takataka tena. Hakunipiga wala hakunifokea. Nadhani ingekuwa afadhali angenipiga.

Paka wa Tata alikufa siku ya saba tangu alipoacha kula. Alimzika mwenyewe chini ya mparachichi na mtu asimsaidie. Na wetu, yule wa kijivu, tulipomfungulia alitoka nje akajinyoosha juani, mnono vile vile, akakamata panya siku hiyo hiyo. Kila jirani alimwona akimbeba panya huyo mdomoni.

Jambo hilo ndilo lililomaliza kila kitu. Wiki iliyofuata wanawake walikuwa wamepanga foleni kwenye kiwanda cha kahawa, magunia miguuni, wakingoja kupimiwa. Mwanamke mmoja alimwuliza Tata kama paka wamepona. Mama alikuwa nyuma yake watu watatu, nami nikiwa nimemshika mama nguo.

"Wamekufa wote," Tata alisema, na hakupunguza sauti. "Walilishwa sumu. Aliyewalisha amemhifadhi wa kwake jikoni majuma mawili, amemfungulia juzi, wangu walipokwisha. Na nilipomwuliza, akaniambia uongo mbele ya mtoto wake."

Foleni nzima iligeuka. Mama aliweka mkono kwenye gunia lake kama mtu anayetafuta pa kushika. Alisema, "Usiseme hivyo." Hayo tu. Tata akasogea mbele, zamu yake ilikuwa imefika.

Mwanya wa ua uliachwa, na katika misimu miwili ya mvua michongoma ikauziba yenyewe. Chai ya saa nne mama aliinywa amesimama. Kanisani waliketi pande mbili tofauti. Kwenye njia ya mtoni, wakikutana, mmoja aliinamia jambo fulani, kamba ya mzigo au kiatu, mpaka mwingine apite. Mimi nilipomwamkia Tata alinijibu vizuri, akaniuliza juu ya masomo, lakini hakunikaribisha tena. Miaka ilienda hivyo. Yule wa kijivu alizeeka akafa kwa uzee, naye mama hakutaka tena paka nyumbani.

Nilipomaliza shule ya sekondari nilipata nafasi katika chuo cha mifugo. Tulikuwa wasichana wanne darasani. Mwalimu wetu wa magonjwa alikuwa mtu mfupi aliyependa ng'ombe kuliko kitu kingine chochote, na alipofika kwenye paka alituambia waziwazi kwamba atawapa saa moja tu, kwa kuwa hakuna mkulima atakayetembea maili tano kutuita kwa sababu ya paka. Alipitisha kitabu kutoka dawati moja hadi jingine. Kilipofika kwangu, ukurasa ulikuwa na picha ya mdomo wa paka ulioshikwa wazi kwa vidole viwili. Ulimi ulikuwa na vidonda, vyekundu katikati na vyeupe pembeni.

Nilishindwa kukipitisha kwa mwenzangu. Mwalimu alikuwa akieleza kwamba hivyo ni virusi viitwavyo kalisivirusi, na kwamba jina linatokana na neno la Kilatini la kikombe, kwa sababu vikitazamwa kwa darubini kali vinaonekana kama vimezungukwa na vikombe vidogo. Paka hupiga chafya, hutoka udenda, huchechemea, hushindwa kula. Wadogo hufa upesi.

Nilinyoosha mkono. "Mwalimu, paka mzima anaweza kuwa navyo?"

"Anaweza sana. Aliugua zamani, akapona, lakini vinabaki kooni miezi mingi, wengine miaka. Utamwona mnono kabisa. Pengine ufizi mwekundu tu."

"Na kama hajakutana na wale wengine? Kama amefungiwa, na kuna ua katikati?"

Alifikiri kidogo, akafurahi, maana mara chache tulimwuliza kitu. "Basi kuna mtu aliyeuvuka huo ua. Mikono, nguo, bakuli la maziwa. Vinakaa kwenye kitambaa siku kadhaa."

"Na sumu ya panya, haiwezi kufanya vidonda kama hivi?"

"Sumu ya panya inaua kwa siku moja, mbili. Haimgojei paka wiki nzima. Na haimfanyi apige chafya."

Wenzangu waliandika. Mimi nilikuwa nikitazama mapaja yangu, mahali gauni la shule lilipokuwa.

Nilienda nyumbani mwisho wa juma ule. Mama alikuwa akichuma kahawa katika safu za chini, kikapu kimefungwa kiunoni. Nilimweleza yote huku nikichuma naye upande wa pili wa mti, kwa hiyo sikuuona uso wake. Nilimwambia kwamba ni ugonjwa uliotoka Timau ndani ya yule paka, kwamba sumu haikuhusika, kwamba mimi ndiye niliyeupeleka kwa Tata mikononi mwangu.

Mikono yake iliacha kuchuma.

"Niliweka vipande saba," alisema. "Viazi vitamu nilivyopaka mafuta na ile dawa. Kabla baba yako hajamleta paka. Alipomleta nikaenda kuviokota, nikapata vitano. Viwili nilivitafuta mpaka magoti yakatoka damu. Miaka hii yote najua viliko. Viko ndani ya paka wake."

"Havikuwa ndani ya paka wake, Mama."

"Nimesikia." Alianza kuchuma tena, akitupa mbichi na mbivu pamoja, kitu ambacho hakuwahi kufanya. "Lakini nilimwambia sikuweka. Hiyo si ugonjwa. Hiyo ni mimi. Nilikuwa na hofu, nikasema neno moja, na yule ndiye aliyemshika mtoto wangu."

Nilimwomba twende kwa Tata pamoja. Tata hakuwa jirani tena. Mwaka uliotangulia mpwa wake alikuja kumchukua akaishi naye Kangari, kwenye mashamba ya chai, kwa kuwa magoti yake yalikuwa yameanza kukataa mteremko wa mtoni. Mama alikataa. "Enda wewe. Umwambie ya paka. Hayo mengine sijui nitayaweka wapi mdomoni."

Nilienda peke yangu, kwa basi. Kangari kulikuwa na ukungu na baridi, na chai ilikuwa imepandwa mpaka kwenye mlango wa nyumba. Tata alikuwa ameketi jikoni na blanketi mabegani. Alinitambua kwa sauti. Nilimwamkia, nikapewa chai, kisha nikamweleza kama nilivyomweleza mama, mpaka mahali pa gauni langu na mikono yangu. Nilimwambia, "Mimi ndiye niliyewaua, Tata. Naomba unisamehe."

Alininyooshea mkono nikausogelea. Aliushika mkono wangu akaugeuza juu chini, kama anayetafuta kitu kwenye kiganja.

"Ulikuwa mtoto unapenda paka," alisema. "Nikusamehe nini?"

Halafu akaendelea bila kuniangalia.

"Mimi nilijua haikuwa sumu. Si kwa kitabu. Yule mwanamke wa ng'ambo ya mto, unamkumbuka? Nilikutana naye soko la Sagana, kahawa ya mwaka ule ikiwa haijaisha. Akaniambia paka wake wa nyumbani naye alikufa hivyo hivyo, na udenda hivyo hivyo, siku chache baada ya yeye kuja kwangu. Na mama yako hakuwahi kufika kwa yule mwanamke. Nikarudi nyumbani nikijua."

Niliweka kikombe chini. "Mwaka ule ule?"

"Mwaka ule ule."

"Na hukuja?"

"Nilikuwa nimeshasema mbele ya foleni nzima. Nikajiambia, nitaenda Jumapili. Jumapili ikafika nikajiambia, yeye naye alinidanganya, na aje kwanza. Halafu ua ukaziba. Ukishaziba, unaanza kuona aibu hata kutazama upande ule." Alijifunika blanketi vizuri. "Nilimsikia akikohoa asubuhi, najua hiyo ni saa ya kuwasha moto. Mwaka baada ya mwaka namsikia akikohoa."

Nilirudi nikamwambia mama. Alisikiliza amesimama mlangoni. Aliponiuliza swali lilikuwa moja tu: "Alisema alinisikia nikikohoa?"

Desemba hiyo, chuo kilipofungwa, nilimpeleka mama Kangari. Alivaa gauni lake la kanisani na kubeba ndizi na maharagwe mapya. Walishikana mikono, wakashikana muda mrefu, na mama akasema, "Niliweka ile sumu. Nilikudanganya." Tata akasema, "Najua. Nami nilikutangaza bure." Wote wawili walilia kidogo, na mimi nikatoka nje kwa heshima, nikiwa na furaha kwamba nimefanya jambo kubwa maishani mwangu.

Niliporudi ndani walikuwa wameshaketi. Mama alisema ndizi hizo ni za mgomba wa chini. Tata alisema ni nzuri. Mke wa mpwa alileta chai, wakainywa. Tata akauliza kama mvua imenyesha kwetu, mama akasema imenyesha. Nilingoja waanze kuongea kama zamani, wakikatizana, wakicheka kabla sentensi haijaisha. Hawakuanza. Mama alikuwa hajui kwamba sukari ilikuwa imekatazwa Tata na daktari. Tata hakujua kwamba dada yangu ameolewa na ana mapacha. Kila kitu kilihitaji kuelezwa tangu mwanzo, na wote walikuwa wazee na walichoka upesi. Saa nane tuliaga ili tusikose basi.

Kwenye basi mama aliketi upande wa dirisha. Tulipokuwa tumevuka daraja la mto alisema, "Amekuwa mtu mwingine." Baadaye kidogo akasema, "Au ni mimi." Hakulia. Nilitaka kumwambia kwamba tutaenda tena, na nikamwambia, naye akakubali kwa kichwa. Hatukwenda tena. Nilipata kazi upande wa Timau, mama akaanza kuugua mgongo, na kwenda Kangari na kurudi ni siku nzima.

Tata alifariki katika mvua za mwaka wa pili baada ya safari ile. Habari ilitufikia kupitia kanisa, siku moja kabla ya maziko, nami nikaomba ruhusa kazini. Tulifika mama akiwa amelowa mpaka magotini. Watu walikuwa wengi, wa Kangari wote, tusiowajua. Kijana aliyekuwa akipanga viti alimwendea mama kwa adabu na kumwuliza yeye ni nani wa marehemu, ili amwelekeze mahali pa kukaa.

Mama alifungua mdomo. Nilimwona akitafuta. Nyuma ya yule kijana kulikuwa na viti vya ndugu, vimefunikwa kwa turubai, na viwili vilikuwa bado wazi.

"Jirani," mama alisema.

Tukaonyeshwa benchi la nyuma, karibu na ua. Hapakuwa na turubai upande huo. Mama alikaa wima muda wote wa ibada, mikono juu ya magoti, mvua ikimnyeshea, na nilipotaka kumfunika kwa koti langu aliniambia nijifunike mwenyewe.